UZI: Marangu hadi Mandara na kreta ya Maundi kwa siku moja (ratiba, tope, maji na saa ya kugeuka)

#1 Mtembezi wa Himo

Wakuu, heshima kwenu. Kila likizo ikikaribia, maswali ya Mandara, kambi ya kwanza ya njia ya Marangu kwenye Mlima Kilimanjaro, hujaa humu: naweza kwenda na kurudi siku moja? Nivae nini? Mtoto anaruhusiwa? Majibu yametawanyika kwenye nyuzi nyingi, kwa hiyo nayakusanya hapa. Mnaoijua njia, karibuni mwongeze.

Geti la Marangu liko karibu mita 1,870 juu ya usawa wa bahari, na vibanda vya Mandara viko mita 2,720. Katikati ni kilomita 8 za msitu mtupu. Ukishavuka Mandara, unatembea dakika 20 hadi 30, msitu unakatika na unatokea kwenye nyasi ndefu na vichaka vya erika. Hapo ndipo ilipo kreta ya Maundi, kama mita 2,800. Kwenda na kurudi, Maundi ikiwemo, hesabu kama kilomita 18.

Safari hii ipangwe kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Saa 12 jioni uwe umeshatoka hifadhini, na msituni giza huingia kabla ya huko nje kwa sababu miti imefunga. Kwa hiyo lenga kufika getini saa 11 jioni ili ubaki na saa moja ya akiba. Kushuka kutoka Mandara ni saa 2 na nusu kwa kundi la kawaida, basi Mandara uiache saa 8:30 mchana. Maundi kwenda, kuzunguka kidogo na kurudi ni saa moja na robo. Mapumziko na chakula ni nusu saa, na dakika 15 ziachie msongamano wa chooni na bombani. Hii ina maana ufike Mandara saa 6:30 mchana, na getini uanze kutembea saa 3:00 asubuhi kamili. Nasema kutembea. Kupanga foleni ya usajili ni kitu kingine.

Kupanda nimekupa saa 3 na nusu. Kanuni ni hii: saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Kilomita 8 ni dakika 96, mita 850 ni dakika 85, jumla saa 3. Weka dakika 10 za kupumzika kila saa, unapata saa 3 na nusu. Njia ikiwa na tope ongeza nusu saa nyingine na uanze mapema zaidi.

#2 Kibosho Juu

Mkuu umeanza vizuri. Naongeza vituo vya kujipima, kwa sababu ratiba bila kipimo cha njiani haisaidii kitu.

Katikati ya njia kuna Kisambioni, penye meza za kulia chakula na vyoo. Kwa ratiba yako, kundi lifike hapo karibu saa 4:45 asubuhi. Likifika baada ya saa 5:30, Maundi iondolewe kwenye mpango palepale, na watu waambiwe wakiwa hapo, wasisubiri kuambiwa Mandara. Likifika saa 6:30 mchana au zaidi, mnakula Kisambioni na kugeuka. Ukifanya hesabu utaona: aliyetumia saa 3 na nusu kwenye nusu ya kwanza atafika Mandara saa 10 jioni, na hapo kushuka kwa usalama hakuna tena.

Saa hizi zitajwe asubuhi getini mbele ya wote. Watu wakishachoka na kilele cha Maundi kikawa "hapo tu", hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema turudi. Ikiwa saa ilishakubaliwa, hakuna wa kumlaumu.

#3 Neema wa Dodoma

Asanteni kaka zangu. Tuko watu wanane, wawili ni watoto wa miaka 8 na 11. Tunatoka Moshi mjini asubuhi. Je, malipo tunafanya getini kwa fedha taslimu? Na mwongozaji ni lazima hata kwa siku moja?

#4 Mtembezi wa Himo

Dada Neema, karibu. Mwongozaji mwenye leseni ni lazima, hata kama mnafika Mandara tu. Mpate kabla ya siku yenyewe, usitegemee kumwokota getini asubuhi, maana hapo ndipo saa nzima hupotea. Kwa watu wanane wenye watoto chukueni wawili: mmoja atangulie, mmoja awe nyuma ya mtu wa mwisho. Mtoto akichoka, wa nyuma anashuka naye na wengine wanaendelea.

Ada ya hifadhi hutozwa kwa kila mtu kwa siku. Viwango vya raia wa Afrika Mashariki na vya mgeni wa nje vimepishana mbali sana, kwa hiyo kila mtu mzima aje na kitambulisho cha NIDA au pasipoti. Asiye na uthibitisho atakwamisha kundi zima dirishani. Fedha taslimu hazipokelewi. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Hakikisheni salio liko kwenye simu ya anayelipa na kikomo cha muamala kinatosha watu wanane. Mkiweza, malizeni malipo siku moja kabla kupitia kampuni ya mwongozaji wenu.

Watoto: kanuni ya hifadhi ni kwamba chini ya miaka 10 hawavuki mita 3,000. Mandara na Maundi ziko chini ya hapo, kwa hiyo wa miaka 8 anaruhusiwa. Ila kuruhusiwa na kuweza ni mambo mawili. Kilomita 16 kwa mtoto wa miaka 8 ni nyingi. Mpangieni Kisambioni kama mwisho wake, akiwa na nguvu zaidi ni heri.

Usafiri: Moshi hadi getini ni kama kilomita 45. Kwa daladala mnapitia Himo, mnashuka Marangu Mtoni, halafu bodaboda au gari dogo kama kilomita 5 hadi getini. Kwa watu wanane na ratiba ya saa 3 kamili, kodini gari na muondoke Moshi saa 12:30 asubuhi. Mkubaliane na dereva awasubiri. Kutafuta usafiri jioni na watoto waliolowa siyo jambo la kujaribu.

#5 Fundi Buti

Sasa tuongee miguu, kwa sababu njia hii huwashinda watu kwa viatu zaidi ya kwa pumzi.

Udongo wa huko ni wa volkano, laini, na ukilowa unateleza vibaya. Juu yake kuna mizizi iliyosuguliwa na nyayo za miaka mingi, magogo ya kukingia maji yaliyolazwa kukatiza njia, na madaraja ya mbao yenye utelezi. Usikanyage mzizi wala gogo. Uvuke, ukanyage udongo mbele yake. Kwenye daraja tembea katikati, hatua fupi, mguu mzima ukae chini kwa mara moja.

Raba za kukimbilia zinafaa kiangazi ikiwa soli ina meno yanayoonekana. Raba za mtindo zenye soli bapa, hapana. Buti linalofunika kifundo cha mguu ndilo bora. Ukikodi Moshi au Marangu, au ukinunua mitumba pale soko la Memorial, Moshi, lijaribu hivi: likunje kwa nguvu mbele, penye vidole, utazame kama soli inaachana na ngozi. Kisha bonyeza kwa dole gumba ile sehemu laini iliyo kati ya soli na ngozi. Ikimomonyoka au ikiwa na nyufa nyembamba, liache, hata kama kwa nje linang'aa. Sponji ile huoza yenyewe kwa unyevu na umri, hata kiatu kikiwa kimekaa kabatini bila kuvaliwa, na soli hubanduka nzima ukiwa katikati ya tope. Beba kamba ya mita 2 au gundi ya karatasi pana ya kufungia. Soli ikibanduka, zungushia chini ya unyayo na juu ya kifundo, utashuka.

Kucha za vidole vya miguu zikate siku mbili kabla. Wakati wa kupanda, kamba za viatu zilegee kidogo juu. Wakati wa kushuka, kaa chini Mandara, rudisha kisigino nyuma kabisa, kaza kamba hasa penye kifundo. Asiyekaza, vidole vinagonga mbele ya kiatu kwa kilomita 8 na kucha zinakuwa nyeusi.

Soksi ziwe za sufu au za mchanganyiko, siyo pamba. Jozi moja mguuni, jozi moja kavu ndani ya begi.

#6 Kibosho Juu

Hapo kwenye pamba naunga mkono, na nguo zote ziingie humo. Suruali ya jinsi ndiyo mbaya kuliko zote. Ikilowa inakuwa nzito, inabana magoti na haikauki siku nzima. Vaa ya kitambaa chepesi, hata ya michezo.

Kwa joto, hesabu kushuka kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100. Kutoka getini hadi Mandara ni nyuzi 5 hivi. Haionekani nyingi, lakini ukiwa na jasho mgongoni, unatoka msituni kwenye upepo wa Maundi, baridi inakukamata ndani ya dakika 10. Tembea na fulana moja nyepesi, ukisimama tu vaa sweta kabla hujasikia baridi. Fulana iliyolowa ibadilishwe Mandara.

Mvua ndiyo inayonitia wasiwasi. Msitu wa upande huu wa kusini ndio unaopata mvua nyingi kuliko sehemu zote za mlima, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Novemba hadi Desemba. Januari na Februari, halafu Julai hadi Septemba, ndiyo miezi mizuri, lakini koti la mvua libebwe mwezi wowote. Mtu akianza kutetemeka bila kukoma, akashindwa kufunga vifungo au zipu, akaanza kujikwaa na kujibu ovyo, mwili wake unapoteza joto. Msimpe hotuba. Mvueni vilivyolowa, mvalisheni vikavu, mkinge upepo, mpeni chai yenye sukari, halafu mshuke naye.

#7 Mwanafunzi Mweka

Naomba kuuliza. Kwa nini picha nyingi za Maundi ni ukungu mtupu? Tukienda kiangazi tutaona kilele cha Kibo?

#8 Mtembezi wa Himo

Swali zuri, na jibu lake linagusa ratiba. Jua likipanda, miteremko inapata joto, hewa yenye unyevu inapanda kutoka tambarare na msituni. Inapofika juu inapoa na kuwa wingu. Kwa hiyo siku nyingi asubuhi mlima uko wazi, na kuanzia saa 4 au 5 wingu linajaa ukanda wa msitu hadi mwanzo wa vichaka. Anayeanza getini saa 3 anafika Maundi saa 7, yaani katikati ya ukungu. Kiangazi uwezekano wa kuona ni mkubwa zaidi, lakini hakuna wa kukuahidi.

Ukungu ukifunguka, Maundi utaona Kibo na Mawenzi upande mmoja, na upande mwingine ziwa Chala na tambarare za Taveta kule Kenya. Kaeni dakika 15 ukingoni kabla ya kukata tamaa, maana wingu hupita kwa vipande. Anayetaka kuona kwa uhakika zaidi alale Mandara usiku mmoja, apande Maundi alfajiri. Gharama inaongezeka, lakini kwa jicho langu ndiyo safari bora kuliko ya siku moja.

Na wakati wa ukungu, angalieni miguuni badala ya mbali. Msituni kuna Impatiens kilimanjari, ua dogo lenye wekundu na njano, halipatikani popote duniani isipokuwa mlima huu. Mbega weupe na weusi wanakaa juu kabisa ya miti. Sikilizeni matawi, maana wenyewe huruka kimya. Karibu na Mandara miti inafupika na inavaa nyuzi za kijivu zinazoning'inia, dalili kwamba mmeingia mahali ambapo unyevu mwingi hutoka kwenye ukungu wenyewe. Kisha ghafla mko nje, kwenye nyasi na erika, na maua ya Kniphofia yamesimama mekundu. Hiyo hatua moja ya kutoka kivulini kwenda kwenye nyika ya juu ndiyo sababu ya mimi kuwasihi watu wasiishie Mandara kama muda upo.

#9 Nesi wa Machame

Naingia upande wa afya. Kichwa kuuma kidogo na kichefuchefu vinaweza kuanza kuanzia mita 2,500. Kwa safari ya siku moja wengi hawapati kitu, ila mtu akitapika, akayumba au kichwa kikazidi kila anapopanda, dawa ni kushuka. Asipewe kidonge cha maumivu ili aendelee kupanda.

Mwenye selimundu asipande bila kuzungumza na daktari wake. Hewa ya juu ina oksijeni pungufu, baridi na upungufu wa maji vinaongezeka juu yake, na vyote hivyo huchochea maumivu makali. Nalisema kwa uzito kwa sababu kwetu wenye selimundu ni wengi na kundi likipanga safari hakuna anayeuliza. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta (inhaler) mfukoni, siyo ndani ya begi la mgumu, yaani mpagazi, aliye mbele kilomita moja. Mwenye presha au kisukari abebe dawa za siku hiyo na za akiba, na ale kwa saa zake.

Maji: nusu lita kwa kila saa ya kutembea. Saa 6 ni lita 3. Beba lita 2, lita moja ujaze Mandara, kuna bomba. Maji hayo yatibiwe. Tia kidonge kabla ya kwenda Maundi, ukirudi muda wa kusubiri umeshapita, na hamjapoteza hata dakika. Fuata kipimo cha kwenye pakiti, na maji yakiwa baridi sana subiri zaidi. Mkichemsha, kwa urefu ule acheni yatokote dakika 3.

#10 Neema wa Dodoma

Asante sana dada Nesi. Chakula je? Na chupa za maji za dukani zinaruhusiwa?

#11 Mama Kapu

Neema mdogo wangu, chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kupanda nazo, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu 1 Juni 2019. Nunueni chupa ngumu za kujaza tena, kila mtu yake, yenye jina.

Chakula kwa mtu mmoja: chapati 2, mayai 2 ya kuchemsha, viazi vitamu 2 vya wastani, ndizi mbivu 2, karanga kiganja kimoja kikubwa na kipande cha chokoleti au kashata. Mayai menyeni nyumbani, maganda yasipande mlimani. Epukeni mchuzi, maziwa na nyama iliyokaa tangu jana. Chipsi zikipoa hazina anayezitaka. Kila kitu kiwe ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana, kwa sababu nyingine zaidi ya mvua: kima wa Mandara wamezoea watu. Mkoba ulio wazi mezani wanaufikia kabla hujageuka, na kunguru nao wanangoja. Msiwalishe, hata watoto wakiomba. Kima aliyelishwa leo atampokonya mtoto wa mwingine kesho.

Chai ya tangawizi kwenye chupa ya chai, lita moja kwa watu wanne. Ule uzito utaushukuru.

Halafu siafu. Msiketi chini bila kutazama. Ukiona mstari mweusi unaokatiza njia, ruka, usisimame kuupiga picha. Suruali ichomekwe ndani ya soksi kipande hicho.

#12 Mjomba wa Nanyuki

Hamjambo wenzangu. Kwa walio upande wa Kenya, matembezi yanayofanana na haya ni geti la Sirimon hadi Old Moses, Mlima Kenya. Geti liko mita 2,650, kambi mita 3,300, kilomita 9. Njia ni barabara pana ya gari, kwa hiyo tope halisumbui sana, na msitu unaisha mapema. Sehemu kubwa ya juu mnatembea kwenye erika, wazi kwa upepo na jua. Kupanda ni mita 650 tu, lakini mnaanzia karibu na pale Mandara inapoishia. Anayetoka Mombasa usiku na kuanza Sirimon asubuhi atasikia kichwa. Laleni Nanyuki usiku mmoja kwanza. Malipo ya KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) ni kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, yafanyeni kabla ya kuondoka mjini.

#13 Kibosho Juu

Mjomba, asante. Huko jua la wazi nalo ni hoja: hata Maundi, ukungu ukiondoka ngozi inaungua haraka kuliko pwani. Kofia yenye ukingo.

Kuhusu fimbo za kutembelea: wengine husema ni mzigo. Wakati wa kupanda nakubali. Wakati wa kushuka kwenye tope, fimbo moja kwa kila mtu inapunguza mianguko zaidi ya kitu kingine chochote ukiondoa soli nzuri. Kodini, msikate miti.

Na moto. Nyasi na erika za juu huwaka kwa urahisi hata siku inayoonekana ya ukungu, na msitu ukishaungua hauoti tena haraka; vichaka ndivyo vinavyochukua nafasi. Moto wa 11 Oktoba 2020 ulianzia Whona, kituo cha kupumzikia kati ya Mandara na Horombo, kambi inayofuata, hii hii njia yetu. Hakuna kuwasha jiko wala sigara Maundi. Chai imeshachemka nyumbani.

#14 Mwanafunzi Mweka

La mwisho wakuu. Mtu akiteguka mguu karibu na Mandara, inakuwaje? Mtandao unashika?

#15 Mtembezi wa Himo

Mandara intaneti ya TTCL ilifikishwa mwaka 2022, na kuna askari wa hifadhi. Katikati ya msitu, kwenye mabonde, usitegemee simu. Ndiyo maana mwongozaji wa nyuma ni muhimu, na ndiyo maana kila kundi liwe na namba za waongozaji wote wawili kwenye karatasi, pamoja na namba ya uokoaji ambayo mnaiuliza dirishani wakati wa usajili.

Mguu ukiteguka, usivue kiatu. Kikaze, funga bandeji juu yake kwa umbo la nane, mpe fimbo mbili, ajaribu hatua kumi. Akiweza kukanyaga, anashuka taratibu, mzigo wake ubebwe na wengine. Akishindwa, akae juu ya begi, siyo kwenye ardhi, avalishwe kila kilicho kikavu, na mtu mmoja abaki naye huku mwongozaji akifuata msaada. Hifadhi ina machela za gurudumu moja zinazosukumwa na watu kadhaa kwenye njia hiyo hiyo. Hesabu kwamba itachukua saa kadhaa, hivyo tochi ya kichwani iwe kwenye kila begi, hata la mtoto, na betri zijaribiwe usiku wa kuamkia safari.

Dada Neema, ukishajua tarehe iweke hapa pamoja na idadi kamili, tupitie ratiba yenu mstari kwa mstari. Kwa wanane wenye watoto ningesogeza kuanza hadi saa 2:30 asubuhi, yaani Moshi muiache saa 12 kamili.